Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nimetapeliwa na Mtu Aliyejifanya Afisa wa Benki

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa Nairobi ambaye alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa benki, akamwamini, na sasa akaunti yake imepungua au imebaki bila kitu. Ikiwa jambo lenyewe limetokea muda mfupi uliopita, soma swali la kwanza, ufanye yaliyoelezwa humo, kisha urudi kwa mengine baadaye.

Pesa zimetoka sasa hivi. Nianze na nini?

Kata simu, hata kama anayezungumza nawe bado anakuahidi kwamba anakurudishia pesa zako, kwa sababu muda anaokushikilia kwenye laini ndio muda ambao mwenzake anautumia kuzihamisha. Kisha piga nambari ya huduma kwa wateja iliyochapishwa nyuma ya kadi yako ya benki. Usipige ile iliyokupigia, wala ile utakayoiona kwanza ukitafuta kwa haraka kwenye intaneti. Sema kwa maneno machache kwamba akaunti yako imeingiliwa na matapeli, kwamba unaomba miamala yote isimamishwe, kadi ifungwe na huduma ya benki kwa simu izimwe. Omba nambari ya kumbukumbu ya malalamiko yako, uiandike pamoja na saa na jina la aliyekuhudumia.

Kuna ombi la pili ambalo wengi husahau katika fadhaa ile. Mwambie afisa wa benki awasiliane mara moja na benki au kampuni ya simu iliyozipokea pesa hizo, ili kiasi kitakachokuwa bado kiko huko kizuiwe. Pesa iliyoibwa haikai mahali pamoja. Kupitia PesaLink, mfumo wa benki za Kenya ulioanza kutumika mwaka wa 2017, hadi shilingi 999,999 zinaweza kuhama kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo, usiku wa Jumapili sawasawa na mchana wa Jumatatu. Zikishafika hugawanywa kwenye nambari kadhaa za M-Pesa, na kila mwenye nambari hukimbilia kwa wakala wake kutoa. Ndiyo maana anayeripoti baada ya dakika 10 ana nafasi ya kuokoa sehemu ya pesa zake, ilhali anayesubiri mapambazuko mara nyingi hukuta zote zimekwisha kutolewa.

Baada ya hapo badilisha nambari ya siri ya benki na ya M-Pesa, na ikiwa ulitumia nywila hiyohiyo kwenye barua pepe, ibadilishe nayo. Usifute ujumbe wowote.

Nilituma mwenyewe kwa M-Pesa. Je, 456 itanisaidia?

Huenda, ukiwahi. Ule ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha muamala hutumwa kama ulivyo kwenda 456, na ombi la kurudishiwa hushughulikiwa kutoka hapo. Hata hivyo, utaratibu huo ulikusudiwa hasa mtu aliyekosea nambari, na hauwezi kuzirudisha pesa ambazo mpokeaji amekwisha kuzitoa. Kwa hiyo usiishie kwenye 456: piga simu huduma kwa wateja ya Safaricom ueleze waziwazi kwamba ni ulaghai, na uitume nambari ya tapeli kwa ujumbe mfupi kwenda 333, ambako hutozwi chochote.

Mbona nilimwamini? Mazungumzo yale hufanyaje kazi?

Swali hili huulizwa kwa uchungu mwingi, nalo linastahili jibu refu, kwa sababu anayeelewa jinsi alivyofikiwa huacha kujiona mjinga.

Tapeli huanza kwa kukuletea habari ya hatari, wala haombi pesa. Anakwambia kwamba kuna muamala wa shilingi 48,000 unaojaribu kupita kwenye akaunti yako kutoka mji ambao hujafika leo, na anauliza kwa upole kama ni wewe. Ukijibu kwamba si wewe, tayari mmekuwa upande mmoja: kuna mwizi fulani huko mbali, na huyu anayezungumza nawe ndiye mlinzi wako. Kuanzia hapo kila anachokuomba kinaonekana kuwa ni hatua ya kukulinda. Anakusomea jina lako kamili, wakati mwingine na nambari ya kitambulisho, kisha anasema kwamba atakutumia nambari ya kusimamisha muamala huo. Ujumbe unaingia kweli, tena kutoka kwa benki yako halisi, kwa sababu wakati huohuo yeye anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, au kubadilisha nambari yako ya siri, na mfumo wa benki umetuma nambari ya kuthibitisha. Ukimsomea tarakimu hizo, umemfungulia mlango.

Nguzo nyingine ni haraka. Utaambiwa kwamba zimebaki dakika tatu, kwamba usikate simu, kwamba usimweleze mtu yeyote kwa kuwa uchunguzi unaendelea hata ndani ya tawi. Maneno hayo ya mwisho ni ya kikatili kuliko yote, maana yanamtenga mtu na wale ambao wangemwambia asubiri kidogo. Mfanyabiashara aliye Gikomba saa nne asubuhi, wateja wamemzunguka na simu iko sikioni, hana nafasi ya kupima kila neno analoambiwa, na tapeli anajua hivyo.

Wapo pia wanaokuomba uhamishe pesa zako mwenyewe kwenda kwenye akaunti wanayoiita salama, na jina la mtu usiyemjua likitokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha, wanakwambia kwamba huyo ni afisa anayeshughulikia kesi yako. Hakuna benki yoyote yenye akaunti ya namna hiyo. Wengine hukuelekeza usakinishe programu kama AnyDesk au TeamViewer, ambazo zina matumizi yake halali, lakini humwezesha mtu aliye mbali kuona skrini yako na hata kuiendesha. Ikiwa uliisakinisha, zima intaneti ya simu hiyo kwanza, uiondoe programu, na ufanye shughuli za benki kwenye simu nyingine hadi hiyo yako ikaguliwe.

Alijuaje jina langu, kitambulisho changu na tawi langu?

Wengi hukata kauli kwamba lazima kuna mfanyakazi wa benki anayehusika. Hilo hutokea, na unayo haki ya kuitaka benki ilichunguze. Lakini tazama kwanza ni mara ngapi katika wiki moja jijini unaziacha taarifa zako mikononi mwa watu. Kwenye jengo la ofisi katikati ya mji mlinzi anakupa daftari uandike jina, nambari ya simu na nambari ya kitambulisho, na anayekuja nyuma yako anayasoma yote. Kwa wakala wa M-Pesa vilevile kumekuwa na daftari la namna hiyo. Nakala za vitambulisho hubaki kwenye maduka ya kupiga chapa, kwa madalali wa nyumba, na kwenye programu za mikopo zilizoomba ruhusa ya kusoma orodha ya watu wako wote. Kwa upande wa benki, jina la tawi linaweza kukisiwa tu: mtu anayetaja benki kubwa kwa mkazi wa Nairobi atapatia mara nyingi, na akikosea atakata simu na kumpigia mwingine.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kujua taasisi inashikilia taarifa gani kukuhusu na inazitumiaje, na inaitaka taasisi ambayo data yake imevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenye data imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Ukiwa na sababu ya kuamini kwamba taarifa zako zilitoka mahali fulani, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mtu kuzijua taarifa zako hakuthibitishi kwamba anatoka benki.

Nambari iliyopiga ilionyesha jina la benki. Inawezekanaje?

Programu zinazoonyesha jina la anayepiga, kama Truecaller, hutegemea majina yaliyowekwa na watumiaji wenyewe, hivyo mtu yeyote anaweza kujisajili kwa jina la benki na kuweka nembo yake. Vilevile inawezekana kitaalamu kuifanya simu ionekane imetoka nambari ambayo si yake. Safaricom imekuwa ikiwaeleza wateja wake kwamba huwapigia kutoka 0722 000 000 pekee, na hilo husaidia kuzitambua simu nyingi za uongo zinazodai kutoka kwake. Hata hivyo, anayekuomba nambari ya siri si mhudumu, hata kama skrini yako imeonyesha nambari gani.

Je, benki ya kweli hupiga simu?

Hupiga, na hapa benki zenyewe zina sehemu ya lawama ambayo hazijaikubali vya kutosha. Kwa miaka mingi wateja wamekuwa wakipigiwa simu na watu wa mauzo, mara nyingi kutoka nambari za kawaida za mkononi, wakiuzwa mkopo au kadi, na kabla ya mazungumzo kuanza wanaombwa wathibitishe nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa. Mteja aliyezoeshwa kumthibitishia mtu asiyemjua kwa njia hiyo hawezi kulaumiwa peke yake siku anapomthibitishia mwizi. Benki inayotaka wateja wake wawe salama ingeacha kabisa kuomba taarifa za utambulisho katika simu iliyoipiga yenyewe.

Kwa sasa, kinga inayofaa ni hii: yeyote anayepiga akisema anatoka benki, mshukuru, ukate, kisha uipigie benki wewe mwenyewe kwa nambari iliyo nyuma ya kadi. Afisa wa kweli hatakasirika. Nambari ya siri, nambari ya kuthibitisha inayoingia kwa ujumbe, na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazihitajiki na mfanyakazi yeyote wa benki kwa sababu yoyote.

Niliambiwa nibonyeze msimbo unaoanza na nyota. Nimeharibu nini?

Hutegemea msimbo. Ulioanza na *21* ukifuatwa na nambari nyingine ya simu huenda umeelekeza simu zako zote kwa tapeli, ili benki ikikupigia ipokewe na yeye. Ulioanza na *33* hufunga simu zinazotoka, nao hutumika kumzuia mtu asiweze kuomba msaada kwa haraka. Bonyeza ##002# kuondoa uelekezaji wowote wa simu, na ukiona bado huwezi kupiga, tumia simu ya mtu mwingine kuifikia benki kwanza, kisha kampuni yako ya simu.

Laini yangu imepoteza mtandao ghafla baada ya mazungumzo yale. Kuna uhusiano?

Chukulia kwamba upo. Huenda laini yako imebadilishwa, yaani kadi mpya yenye nambari yako imewashwa kwenye simu ya tapeli, na ujumbe wote wa benki sasa unamfikia yeye. Ijulishe benki kwa simu ya jirani, kisha nenda mara moja na kitambulisho chako kwenye duka la kampuni ya simu. Mteja wa Safaricom anaweza kubonyeza *100*100# mapema ili laini yake isibadilishwe mpaka afike dukani yeye mwenyewe, na akibonyeza *106# ataona nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Niripoti polisi wapi, na nitarajie nini?

Ripoti kwenye kituo chochote kilicho karibu nawe, iwe ni Central pale University Way, Kilimani au Buruburu. Hakikisha taarifa yako imeandikwa kwenye kitabu cha matukio na umepewa nambari ya OB, kwa kuwa benki itaiomba, na kupata nambari hiyo hakulipiwi. Nenda ukiwa na taarifa ya akaunti inayoonyesha miamala yenyewe, na simu yenye ujumbe na orodha ya simu zilizoingia. Picha za skrini ni nzuri kama akiba, lakini usiuze wala kuibadilisha simu hiyo, kwa maana ushahidi wa kielektroniki mahakamani huhitaji maelezo ya kifaa ulikotoka.

Kesi za aina hii pia hushughulikiwa na Kitengo cha Upelelezi wa Ulaghai wa Benki, kilicho chini ya Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, DCI. Taarifa kuhusu wahusika unaweza kuitoa bila malipo kwa 0800 722 203. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka wa 2018 inamwadhibu anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia utambulisho wake wa kielektroniki, ambapo faini inaweza kufika shilingi 200,000 au kifungo miaka mitatu, ama vyote viwili, na ulaghai wa kompyuta wenyewe una adhabu nzito zaidi ya hiyo.

Uchunguzi huchukua muda mrefu. Rudi kituoni, uliza jina la mpelelezi aliyekabidhiwa faili, na uendelee kuuliza.

Benki inasema nilitoa nambari ya siri mwenyewe, kwa hiyo haihusiki. Ni kweli?

Si lazima iwe kweli, na usikubali jibu hilo likitolewa kwa mdomo kaunta. Ni kweli kwamba mkataba uliotia sahihi ulipofungua akaunti karibu kila mara unasema kuwa mteja ndiye mwenye jukumu la kuitunza nambari yake ya siri. Lakini benki nayo ina wajibu wa kuwa mwangalifu na pesa ilizokabidhiwa, na wajibu huo haukomi pale mteja anapodanganywa.

Andika barua, uipeleke tawini, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ndani ya barua hiyo uliza maswali yanayojibika. Je, akaunti yangu iliingiwa kutoka kwenye kifaa kipya ambacho hakijawahi kutumika, na mfumo wenu ulifanya nini ulipokiona? Je, kiwango changu cha kutuma kwa siku kilipandishwa usiku huohuo, na nani aliidhinisha? Je, miamala mitano iliyofuatana ndani ya dakika chache kwenda kwa watu ambao sijawahi kuwatumia ilizua tahadhari yoyote? Niliripoti saa ngapi kwa mujibu wa rekodi zenu, na ni pesa ngapi zilitoka baada ya saa hiyo? Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu pesa zilizotoka baada ya benki kujulishwa ni vigumu sana kumtwika mteja.

Jibu lisiporidhisha, au lisipokuja, peleka malalamiko kwa maandishi kwa Benki Kuu ya Kenya iliyo Haile Selassie Avenue, ukiambatanisha barua yako na majibu uliyopata. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo mjini Nairobi huketi Milimani. Huko unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Hakuna anayeweza kukuhakikishia ushindi, ila mteja mwenye barua zenye mihuri na tarehe husikilizwa kwa namna tofauti na yule mwenye malalamiko ya mdomo.

Je, bima ya amana itanilipa?

Hapana. Shirika la Bima ya Amana la Kenya hulipa hadi shilingi 500,000 kwa mwenye akaunti pale benki yenyewe inapoanguka. Halihusiki na wizi kwenye akaunti ya mtu mmoja.

Baada ya kuiba akiba yangu walichukua pia mikopo kwa jina langu. Nalazimika kulipa?

Pinga kwa maandishi siku hiyohiyo, kwa benki au mkopeshaji husika, ukiambatanisha nambari ya OB, na uombe mkopo huo usiwasilishwe kama deni lako wakati uchunguzi unaendelea. Kisha omba taarifa yako kutoka kwa taasisi za taarifa za mikopo: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Una haki ya kupata taarifa moja bila malipo kila mwaka, na ukikuta deni usilolijua una haki ya kulipinga. Lifanyie kazi hili hata kama kiasi ni kidogo, kwa sababu jina lililoharibika humnyima mtu mkopo anaouhitaji kweli, miaka baada ya pesa zenyewe kusahaulika.

Ni kweli kwamba simu hizi zote hutoka gerezani Kamiti?

Zipo zilizotoka gerezani, na jambo hilo limezungumzwa hadharani kwa miaka mingi. Lakini wapelelezi wamewakamata washukiwa nje ya magereza pia, wakiwemo wa Mulot, kwenye mpaka wa kaunti za Bomet na Narok, eneo ambalo limetajwa mara kwa mara katika kesi za kubadilisha laini. Kwa aliyeibiwa, mahali simu ilipotoka ni kazi ya mpelelezi. Kazi ya aliyeibiwa ni kuhifadhi nambari na saa.

Naona haya kuwaambia watu wa nyumbani. Lazima niseme?

Hulazimiki, lakini sema. Wanaotapeliwa ni walimu, wahasibu, wauguzi, wastaafu na hata wafanyakazi wa benki wenyewe, na hakuna elimu inayomkinga mtu aliyechoka na aliyetishwa kwamba mali yake inaibwa. Tapeli aliyefanikiwa mara moja mara nyingi huwa na nambari za jamaa zako, hasa ikiwa aliingia kwenye simu yako, na atawapigia akijua jina lako na jambo lililokupata. Mama aliye nyumbani kijijini akijua mapema, atakata simu hiyo. Ikiwa huzuni inakuzidi hata huli wala hulali, mtafute mtu wa kukaa nawe. Kupoteza ada ya shule au akiba ya miaka ni msiba, na watu hawaombolezi peke yao.

Kuna mtu kwenye Facebook anasema anaweza kuzirudisha pesa zangu kwa ada ndogo.

Huyo ni tapeli wa pili, na mara nyingine ni yuleyule wa kwanza. Watu hawa hufuatilia kurasa za benki, na mteja akiandika malalamiko yake hadharani hujibiwa ndani ya dakika chache na akaunti yenye nembo ya benki, ikimwomba aendelee na mazungumzo faraghani. Hakuna mtu binafsi mwenye uwezo wa kuingia kwenye mifumo ya benki na kurudisha muamala, na polisi hawatozi ada ya kufuatilia pesa. Malalamiko ya hadharani yana faida yake ya kuiharakisha benki, lakini usiweke nambari ya simu wala ya akaunti ndani yake.

Kijana wangu chuoni ameombwa aazime akaunti yake ili pesa za rafiki zipite. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Akaunti za namna hiyo ndizo zinazopokea pesa za watu walioibiwa kabla hazijatolewa taslimu, na jina litakaloonekana kwenye rekodi za benki ni la kijana wako. Chini ya Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kupambana na Utakatishaji wa Fedha ya mwaka wa 2009, anayeshiriki kuzificha au kuzihamisha fedha za uhalifu anaweza kushtakiwa. Ikiwa pesa zimekwisha kuingia, asizitoe, asizitume kwa mtu yeyote, hata akitishwa. Aende tawini akiwa na kitambulisho, aeleze zilivyofika, na aandikishe taarifa polisi kabla mwenye pesa hajaanza kuzitafuta.